BIBI UMMU SALAMA (R.A.): MJANE MWENYE WATOTO WADOGO NA WAPOSAJI WAKE

 

Mwanamke aliyefiwa na mumewe, au aliyeachwa, naye ana watoto wadogo mikononi, hukabiliwa na maswali mazito. Je, aolewe tena, au akae bila ya mume kwa ajili ya wanawe? Akija mposaji, amweleze nini juu ya watoto? Na mposaji huyo apimwe kwa kipimo gani? Uzito wa maswali haya huzidi pale mwanamke anapokuwa mbali na jamaa zake, katika nchi isiyo ya wazee wake, ambako hana mjomba wa kumshauri wala shangazi wa kumsaidia kulea.

Maswali haya si mageni katika Uislamu. Yalimfika mmoja wa wanawake bora wa umma huu kabla hajawa Mama wa Waumini, naye akayakabili kwa akili, kwa haya na kwa ukweli. Maisha yake ni kioo kwa kila mama aliye katika hali hiyo, na kwa kila mwanamume anayekusudia kumposa mama wa namna hiyo.

NASABA YAKE NA NDOA YAKE YA KWANZA

Jina lake ni Hind binti Abi Umayya bin Al-Mughira, wa ukoo wa Bani Makhzum, mmojawapo wa koo tukufu za Makureshi mjini Makka. Baba yake alikuwa mtu mkarimu mno, hata akapewa lakabu ya Zadur-Rakib, yaani masurufu ya msafiri, kwa sababu aliyefuatana naye safarini hakuwa na haja ya kuchukua chakula chake. Bibi Hind alikulia katika neema na heshima, kisha akaolewa na mtu wa ukoo wake, Abdullah bin Abdil-Asad, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Abu Salama. Mama yake Abu Salama alikuwa Barra binti Abdil-Muttalib, shangazi yake Mtume (S.A.W.). Tena Abu Salama na Mtume walikuwa ndugu wa kunyonya, kwa kuwa wote wawili walinyonyeshwa na Thuwayba.

Mume na mke hawa walisilimu mapema sana. Makureshi walipozidisha mateso, walikuwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo waliohajiri kwenda Uhabeshi, mnamo mwaka 615. Bibi Ummu Salama ndiye aliyesimulia kwa urefu habari za huko: jinsi mfalme Najashi alivyowapa himaya, na jinsi Jaafar bin Abi Talib alivyosimama mbele yake kuieleza dini. Kwa hiyo maisha ya ugenini aliyajua angali kijana.

HIJRA, NA KUTENGANISHWA NA MWANAWE

Baada ya kurejea Makka na kukuta mateso hayajapungua, Abu Salama aliazimia kuhamia Madina. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kushika njia hiyo. Alimpandisha mkewe juu ya ngamia, naye akampakata mtoto wao mdogo, Salama. Jamaa za mke wakawazuia. Walimwambia Abu Salama kwamba yeye ni huru kwenda atakako, lakini binti yao hawatamwacha azungushwe nchi za watu. Wakamnyang'anya kamba ya ngamia na kumchukua mwanamke. Jamaa za mume nao wakaghadhibika, wakasema kwamba mtoto ni wa kwao na hawatamwacha akae na ukoo wa mama yake. Pande mbili hizo zikamvutana mtoto hata mkono wake ukateguka, na jamaa za baba wakaondoka naye.

Kwa saa moja tu nyumba hiyo ikawa imegawanyika mapande matatu: baba Madina, mama kwa wazee wake, na mtoto kwa jamaa za baba yake. Bibi Ummu Salama alikuwa akitoka kila siku asubuhi akikaa Al-Abtah, akilia mpaka jioni, muda wa mwaka mmoja au karibu ya hapo. Mwisho mmoja wa binamu zake akamhurumia, akawasema wakubwa wa ukoo kwa kumtesa mwanamke yule maskini. Hapo wakampa ruhusa ya kumfuata mumewe, na jamaa za mume nao wakamrejeshea mwanawe.

Aliondoka yeye na mtoto peke yao. Alipofika Tan'im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Uthman alipojua kwamba mwanamke yule hana wa kufuatana naye ila Mwenyezi Mungu na mtoto wake, aliona ni aibu kumwacha. Akashika kamba ya ngamia na kumwongoza. Kila walipofika kituoni, alikuwa akimpigisha ngamia magoti kisha anakwenda mbali ili mwanamke ashuke kwa stara, na yeye hulala chini ya mti mwingine. Aliendelea hivyo mpaka walipokiona kijiji cha Quba, akamwonyesha alipo mumewe, naye akarudi zake Makka. Bibi Ummu Salama hakuusahau wema huo maisha yake yote, na alikuwa akimsifu Uthman kuwa hakupata kuona mwandani wa safari aliye muungwana kuliko yeye.

MJANE KATIKA NCHI YA UGENI

Abu Salama alipigana vita vya Badri mwaka wa 2 wa Hijra (624), na katika vita vya Uhud mwaka wa 3 (625) alipigwa mshale mkononi. Jeraha likaonekana kupona kwa nje. Mwanzoni mwa mwaka wa 4 Mtume (S.A.W.) alimtuma kuongoza kikosi kwenda Qatan, na aliporudi jeraha likafumka upya. Hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki katika Mfunguo Tisa, mwezi wa Jumada Al-Akhira, mwaka huo huo. Mtume (S.A.W.) alifika kitandani pake, akamfumba macho kwa mkono wake, na akamwombea msamaha na daraja ya juu, na amwombee Mola awe mwangalizi wa hao aliowaacha nyuma.

Aliowaacha walikuwa mke na watoto wanne: Salama, Umar, Durra na Zaynab, ambaye alikuwa angali ananyonya. Bibi Ummu Salama alikusudia kumlilia mumewe kilio kikubwa kitakachozungumzwa na watu, kwani aliona kuwa mumewe amekufa mgeni katika nchi ya ugeni. Mwanamke mmoja alikuwa tayari njiani kuja kumsaidia kuomboleza. Mtume (S.A.W.) akamkabili mwanamke yule na kumkanya asimrejeshe shetani katika nyumba ambayo Mwenyezi Mungu amekwisha kumtoa. Bibi Ummu Salama aliposikia akajizuia na kilio kile.

Mumewe alikuwa amemfundisha kabla ya kufa kwake dua aliyoisikia kwa Mtume (S.A.W.): kwamba Muislamu anapofikwa na msiba akiri kuwa sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha aombe ujira katika msiba wake na badala iliyo bora. Aliisoma dua hiyo kwa utiifu, lakini moyoni alikuwa akijiuliza ni nani katika Waislamu atakayekuwa bora kuliko Abu Salama. Imepokewa pia kwamba mumewe alipokuwa hai, yeye alitaka waahidiane kuwa atakayebaki hataoa wala hataolewa. Abu Salama hakuikubali ahadi hiyo. Alimtaka aolewe ikiwa yeye atatangulia, na akamwomba Mwenyezi Mungu ampe mume mwema atakayemliwaza wala hatamuudhi. Hayo ndiyo mapenzi ya mume mcha Mungu: kumtakia mkewe heri hata pale yeye mwenyewe atakapokuwa kaburini.

WAPOSAJI

Bibi Ummu Salama alikaa kizuka muda wa miezi minne na siku kumi, kama ilivyoamrishwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 234. Aya inayofuatia imeweka mpaka ulio wazi: mwanamume anaweza kudokeza nia yake kwa maneno mema mwanamke akiwa ndani ya eda, lakini hairuhusiwi kuahidiana kwa siri wala kufunga ndoa mpaka muda uishe. Sharia ilimhifadhi mjane wakati moyo wake ungali na jeraha, wakati ambao ni rahisi kwake kukubali jambo kwa upweke au kwa hofu ya riziki.

Eda ilipokwisha, alikuja kumposa Sayyidna Abubakar (R.A.). Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya dini yake na tabia yake, lakini Bibi Ummu Salama hakukubali. Kisha akaja Sayyidna Umar (R.A.), naye vile vile hakumkubali. Masahaba wawili hao wakubwa hawakuudhika, wala hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba mjane mwenye watoto wanne hana haki ya kuchagua. Haki hiyo alipewa na dini yake, na wingi wa watoto haukumpunguzia.

Kisha Mtume (S.A.W.) akapeleka posa. Mtu mwingine angeikubali posa hiyo hapo hapo, na kuyaficha yale yanayoweza kumrudisha nyuma mposaji. Bibi Ummu Salama hakufanya hivyo. Aliyataja mambo yake moja baada ya jingine. Alisema kwamba yeye ni mwanamke mwenye wivu mwingi, na anachelea asije akamkosea Mtume kwa ajili ya wivu huo. Alisema kwamba umri wake umekwenda. Alisema kwamba ana watoto wadogo wanaomshughulisha. Na alisema kwamba hakuna hata mmoja katika mawalii wake aliyekuwapo hapo, kwani jamaa zake walikuwa Makka.

Mtume (S.A.W.) alilijibu kila jambo kwa upole. Kuhusu wivu, alisema atamwomba Mwenyezi Mungu auondoe. Kuhusu umri, yeye mwenyewe ni mkubwa zaidi. Kuhusu watoto, akasema kuwa watoto wake ni dhima ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na kuhusu mawalii, hakuna kati yao, aliyepo wala asiyekuwapo, atakayechukia jambo hilo. Moyo wa Bibi Ummu Salama ukatulia, akaridhia, na imepokewa kwamba mwanawe ndiye aliyesimama kumwozesha. Ndoa ikafungwa katika mwezi wa Shawwal, mwaka wa 4 wa Hijra.

Hapana budi kulizingatia jambo hili vizuri. Posa zote tatu zilikuja kwa njia ya wazi. Hakukuwa na makutano ya faragha, wala maneno ya siri, wala mazoea ya muda mrefu yasiyo na mwisho. Na watoto walitajwa siku ile ile ya posa, kabla ya mahari na kabla ya nyumba. Mama aliuliza habari za wanawe kabla hajaingia katika ndoa, na mposaji alitoa ahadi juu yao kabla hajapewa jibu.

WATOTO KATIKA NYUMBA YA MTUME (S.A.W.)

Bibi Ummu Salama aliingia katika chumba alichokuwa akikaa Bibi Zaynab binti Khuzayma (R.A.), ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Vitu alivyopewa vilikuwa vichache: godoro lililojazwa nyuzi za mtende, bakuli, sahani na kijaa cha kusagia. Usiku ule ule wa kwanza, binti huyo wa Zadur-Rakib alisaga shayiri kwa mkono wake na kumpikia mumewe.

Siku za mwanzo, kila Mtume (S.A.W.) alipoingia alimkuta mkewe anamnyonyesha Zaynab, naye kwa haya yake akarudi nje bila ya kusema neno. Hakumtaka mama amwondoe mtoto, wala hakuonyesha kuchoka. Ammar bin Yasir (R.A.), aliyekuwa ndugu wa Bibi Ummu Salama, alitambua jambo hilo, akaja kumchukua mtoto ili akanyonyeshwe kwingine. Mtume (S.A.W.) alipoingia na asimwone, jambo la kwanza aliuliza yuko wapi Zunab, akimwita kwa jina la kumdekeza. Jina lake la kwanza lilikuwa Barra, naye Mtume ndiye aliyembadilishia akamwita Zaynab.

Umar bin Abi Salama naye alilelewa katika nyumba hiyo. Siku moja alikuwa akila pamoja na Mtume (S.A.W.), na mkono wake ukawa unazunguka huku na huku ndani ya sahani, kama ilivyo kawaida ya watoto. Mtume hakumkaripia wala hakumwondoa. Alimfundisha amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mtoto huyo hakuiacha adabu hiyo tena mpaka mwisho wa maisha yake, na Waislamu wa dunia nzima wanaifundisha mpaka leo. Adabu ya chakula ya umma mzima tumeipata kwa mtoto yatima aliyekula sahani moja na baba yake wa kambo.

Malezi hayo hayakufuta haki ya baba aliyekufa. Watoto walibaki wana wa Abu Salama kwa jina na kwa nasaba, kama Mwenyezi Mungu alivyoamrisha katika Sura ya Al-Ahzab kwamba watoto waitwe kwa baba zao. Na mabinti walikuwa na himaya ya sharia. Palipozuka uvumi kwamba Mtume (S.A.W.) anataka kumwoa Durra, alieleza kwamba hilo haliwezekani kwa sababu mbili: Durra ni mtoto wa kambo aliye katika ulezi wake, na tena baba yake ni nduguye wa kunyonya. Mtoto wa kike wa mke ni maharimu wa baba wa kambo daima, baada ya ndoa kukamilika. Jambo hili kila mama na kila mume lazima alijue na aliheshimu.

Bibi Ummu Salama alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama atapata thawabu kwa anachotumia juu ya watoto wa Abu Salama, ilhali ni wanawe mwenyewe na hawezi kuwatupa. Akajibiwa kwamba atapata thawabu kwa kila anachowatumilia. Basi mama anayewalisha wanawe asidhani kuwa anatimiza wajibu wa dunia tu.

Salama, yule mtoto aliyetegulika mkono Makka, alipokua Mtume (S.A.W.) alimwozesha Umama binti Hamza, yaani binti wa ami yake mwenyewe. Imepokewa kwamba aliwauliza Masahaba zake, kwa furaha, kama wanaona amemlipa Salama ipasavyo.

MIAKA YAKE YA BAADAYE

Mwaka wa 6 wa Hijra (628), baada ya mkataba wa Hudaybiya, Masahaba walikuwa na huzuni nyingi hata wakasitasita walipoamrishwa kuchinja na kunyoa. Bibi Ummu Salama ndiye aliyemshauri Mtume (S.A.W.) atoke bila ya kusema na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Alipofanya hivyo, watu wote wakamfuata. Tena imepokewa kwamba yeye ndiye aliyeuliza kwa nini wanawake hawatajwi katika Qurani kama wanaume, ikateremka aya ya 35 ya Sura ya Al-Ahzab inayowataja wanaume na wanawake pamoja.

Baada ya kufariki Mtume (S.A.W.) aliishi miaka mingi, akiulizwa mambo ya dini na akifundisha. Hadithi zilizopokewa kwake zimehesabiwa kuwa 378. Wanawe nao walistawi. Umar alitawala Bahrain, yaani pwani ya Ghuba ya wakati huo, katika ukhalifa wa Ali bin Abi Talib. Zaynab, yule mtoto mnyonyaji, alikuwa mmoja wa wanawake wenye elimu kubwa ya fiqhi mjini Madina. Bibi Ummu Salama alikuwa wa mwisho kufariki katika Mama wa Waumini, na alizikwa Al-Baqii.

MAFUNZO

Kwanza, mjane au mwanamke aliyeachwa ana haki ya kuolewa tena na ana haki ya kukataa. Jamaa wasimlazimishe kuolewa kwa kuona kuwa ni mzigo, wala wasimzuie kwa kisingizio cha watoto. Walioyafanya hayo Makka waliutegua mkono wa mtoto.

Pili, ukweli utangulie. Mama aeleze hali yake na hali ya wanawe siku ya posa, wala asione haya, kwani watoto si aibu.

Tatu, mposaji apimwe kwa jibu lake juu ya watoto, kisha kwa vitendo vyake sahanini. Asemaye kwamba anamtaka mama ila watoto wapelekwe kwingine, amekwisha kujieleza mwenyewe.

Nne, mwanamke aliye ugenini asikubali upweke umtoe katika njia ya wazi. Awahusishe walii wake hata akiwa mbali, na Waislamu wenzake walio jirani wamsimamie kama ndugu.

Tano, baba wa kambo asiwafutie watoto jina la baba yao wala kumbukumbu yake. Awafundishe kwa upole, awaite kwa majina ya mapenzi, na awaozeshe kwa heshima wakikua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wajane wetu na mayatima wetu popote walipo, awape badala iliyo bora kwa kila walichokipoteza, na atujaalie kuwa wenye kuwafuata waja wake wema. Amin.